Kabla Hujanipa Simu Nione Picha: Wabunifu Wakubwa na Mishono Yao

Malipo ya mnada wa korosho yakishaanza kuingia, kinachotangulia kwenye duka letu la ushonaji hapa Mtwara ni simu. Mteja hajakaa hata kwenye benchi, mkono umeshanyooshwa: "Shikamoo mama. Nataka hivi hivi." Kwenye kioo kuna binti amesimama Paris au Lagos, gauni limemkaa utadhani amezaliwa nalo. Kwenye mkono wa pili wa mteja kuna mfuko, na ndani yake kitenge cha yadi sita kilichonunuliwa Soko Kuu asubuhi ile. Kazi yangu ya kwanza, kabla sijashika futi, ni kutazama kama hiyo picha na hicho kitenge vinaweza kukaa pamoja.

Mara nyingi vinakaa. Siku visipokaa, anayeumia ni mteja, na mimi nilishamuumiza mmoja.

Alikuwa dada wa Tandahimba. Alikuja na picha ya gauni lenye mikunjo midogo midogo, imesimama wima toka begani hadi kwenye vifundo vya miguu. Alilitaka kwa harusi ya mdogo wake. Kitambaa chake kilikuwa kitenge cha pamba tupu, rangi ya zambarau, kizuri sana. Nikapokea kazi. Siku tatu nilikunja mkunjo mmoja mmoja kwa rula, nikiweka kitambaa kibichi juu na kukandamiza pasi ya moto. Siku ya harusi alipendeza. Wiki ya pili akarudi amelikunja kwenye mfuko. Alikuwa amelifua mara moja tu, mikunjo yote imelala, gauni limetanuka kama pazia na mabega yamemshuka hadi kwenye viwiko. Nilimrudishia hela yake ya ushonaji, na kitambaa kile nikamgeuzia dera bure. Lakini gauni alilolitamani hakulipata, na aliyemwahidi ni mimi.

Gauni lile lilikuwa la mtindo wa Issey Miyake, Mjapani aliyezaliwa Hiroshima mwaka 1938 na kufariki 2022. Mwaka 1993 alianzisha nguo alizoziita Pleats Please, na siri yake iko kwenye mpangilio wa kazi. Sisi mafundi hukunja kitambaa kwanza, ndipo tukate na kushona. Yeye aligeuza. Nguo inakatwa kubwa, mara mbili na nusu hadi mara tatu ya saizi itakayovaliwa, inashonwa nzima, kisha inalazwa katikati ya karatasi na kupitishwa kwenye mashine ya joto kali inayoikunja yote kwa pamoja. Kitambaa chenyewe ni poliesta. Poliesta ikipata joto la kutosha hulegea, ikipoa hushika umbo ililokutwa nalo, na umbo hilo haliondoki hata ukifua. Pamba haina tabia hiyo. Pamba hukubali pasi leo, kesho ikiguswa na maji inasahau.

Ningelijua hilo siku ile, ningemwambia: mdogo wangu, mshono huu ni wa kitambaa kingine. Kitenge chako nakitilia marinda makubwa, nayashika kwa uzi toka kiunoni hadi nyongani, yatakaa miaka. Angekubali au angekataa, lakini angekuwa amechagua mwenyewe.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma. Kila mbunifu mkubwa wa mavazi ana tabia yake, ana kitambaa anachokipenda na mkato anaorudia, na ukishaijua tabia yake picha haikupotezi tena. Nimeandika hapa wale ambao wateja wangu wa Mtwara na Lindi wananiletea mara kwa mara, hata kama majina yao hawayajui. Sijawapanga kwa ukubwa. Nimewapanga kama wanavyonijia kichwani nikiwa mezani na mkasi.

Koti lisilo na kola

Coco Chanel watu wanamfahamu kwa manukato na zile herufi mbili za C zilizopeana mgongo. Mimi namfahamu kwa koti. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1883, akalelewa kwenye kituo cha yatima cha masista, na mwaka 1910 akafungua duka la kofia Paris. Kutoka kofia akaingia kwenye nguo, na kitambaa kilichompa jina ni cha fulana, kile laini kinachovutika, ambacho wakati ule kilitumika zaidi kwa nguo za ndani za wanaume. Akawatoa wanawake kwenye nguo za kubana mbavu. Mwaka 1926 jarida la Vogue la Marekani lilichapisha mchoro wa gauni lake fupi jeusi lisilo na mapambo, na hadi leo gauni jeusi la kwenda popote linahesabiwa kuwa lake.

Koti lilikuja baadaye. Alirudi kazini mwaka 1954 akiwa na umri wa miaka 70, na alichokileta ni koti fupi lililonyooka, halina kola, pembezoni limezungushiwa ukanda wa nakshi, mifuko imebandikwa mbele. Kwa ndani, kwenye pindo la chini, kuna mnyororo mwembamba ulioshonwa kwa mkono. Kazi yake ni uzito tu. Unalivuta koti chini ili lining'inie sawasawa na lisipande mtu anapoinua mikono.

Hilo la mnyororo lilinigusa, kwa sababu nina wateja walimu, na mwalimu akiandika ubaoni koti lote linapanda. Sasa natia. Situmii mnyororo wa chuma, maana hewa yetu ina chumvi, chuma kinashika kutu na kutu inachafua kitambaa kwa ndani mpaka itokeze nje. Natumia wa shaba. Hata zipu, kwa wateja wa Shangani na Mikindani natia za plastiki. Na kile kitambaa kizito cha sufu ambacho Chanel alikitumia usikitafute, labda uwe unaishi Newala juu kule ambako usiku mtu anajifunika blanketi. Hapa mjini koti hilo nalishona kwa kadeti nyepesi au kitenge kizito, na linapendeza.

Kiuno chembamba, sketi ya duara

Picha nyingi za sendofu na za kuvishana pete, ukizifuatilia mpaka mzizi wake, zinakupeleka kwa Christian Dior. Tarehe 12 Februari 1947, Paris, alionyesha nguo zake za kwanza kwa jina lake mwenyewe: mabega laini, kiuno kimekatwa hasa, nyonga zimejazwa, na sketi pana ndefu. Carmel Snow, mhariri wa jarida Marekani, akaziita New Look, yaani mwonekano mpya, jina likashika. Wengine walikasirika. Vita vilikuwa vimeisha miaka miwili tu iliyopita, na Uingereza nguo zilikuwa bado zinatolewa kwa mgao, mgao uliodumu toka 1941 hadi 1949. Mtu anayehesabu kuponi za kitambaa akiona sketi moja inakula mita kwa mita lazima moyo umchome. Dior mwenyewe hakukaa sana, alifariki mwaka 1957.

Sketi hiyo ndiyo inayoleta mabishano mengi dukani, na mabishano yenyewe ni ya yadi. Mteja anasema, "Mama, kitambaa kimebaki kingi, nitolee na ya mtoto." Acha nikuonyeshe hesabu ninayoifanya mezani.

Chukua kiuno cha sentimita 72. Ili kupata tundu la kiuno nagawanya kwa 6.28, napata kama 11.5, hicho ni kipimo cha toka katikati ya duara hadi ukingo wa kiuno. Sketi ifike chini kidogo ya goti, urefu 70. Naongeza 2 za pindo. Jumla ni 83.5 toka katikati hadi chini, maana yake duara zima lina upana wa sentimita 167. Kitenge chetu kina upana wa kama 115. Duara haliingii. Kwa hiyo nakata nusu mbili, kila moja inachukua urefu wa 167, na mbili kwa pamoja ni mita 3.34, karibu yadi tatu na robo tatu. Hapo ni sketi peke yake. Katika yadi sita zinabaki mbili na kidogo, nazo ndizo za kifua na mikono mifupi. Ya mtoto haipo. Ukiniletea yadi tatu nitakukatia sketi ya nusu duara, itakuwa na mwendo mzuri, ila ukizunguka haitafunguka kama ile ya kwenye picha.

Jambo jingine la Dior ni yale yasiyoonekana. Ndani ya magauni yake kulikuwa na tabaka za kitambaa cha wavu na mifupa, yaani vijiti vigumu, ya kushika kiuno. Harusi ya Mtwara mwezi Desemba, chini ya turubai, na mifupa hiyo mwilini, bibi harusi atazimia kabla ya keki. Nashauri shimizi moja ya pamba yenye marinda, inainua sketi vya kutosha na jasho linapita.

Nguo inayokaa mbali na mwili

Vijana wa hapa ukiwatajia Balenciaga wanafikiria raba kubwa na fulana pana. Mwenye jina hilo, Cristóbal Balenciaga, alikuwa fundi hasa. Alizaliwa mwaka 1895 Getaria, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Hispania, mama yake akiwa mshonaji, na kazi aliianzia miguuni pa mama yake. Alijua kuchora, kukata, kushona na kupachika mkono wa nguo kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo wabunifu wengi hawawezi. Alifunga duka lake Paris mwaka 1968 na kufariki 1972. Raba zimekuja baada yake sana.

Wakati wenzake wanabana kiuno, yeye alikiacha. Mwaka 1957 alitoa gauni lililoshuka toka begani hadi chini ya goti kama gunia, bila kugusa kiuno. Kola aliisogeza nyuma, shingo ikabaki wazi na inapumua. Mikono aliikata ifike juu kidogo ya kifundo ili bangili ionekane. Kati ya ngozi na kitambaa kulikuwa na hewa.

Ukinisikiliza vizuri utagundua naeleza kitu unachokijua. Mama zetu wa pwani hawakungoja Paris kujua kwamba kwenye joto nguo ikae mbali na mwili. Dera linafanya hivyo kila siku. Tofauti ni kwamba dera linategemea wingi wa kitambaa laini, na Balenciaga alitegemea mkato na kitambaa kinachosimama chenyewe. Kwa hiyo mama mtu mzima akija anataka nguo ya heshima ya kwenda kwenye mahari, hataki kubanwa na hataki dera, huyo ndiye ninayempeleka kwa Balenciaga. Kitenge kipya chenye nta yake kinasimama vizuri mno kwa mshono huu. Na tumbo halionekani, hilo nalo wateja wangu wengi wanalishukuru.

Hanamu

Yupo mwanamke mmoja ambaye jina lake haliletwi na mteja hata mmoja, na bado magauni yake yanaletwa kila mwezi. Madeleine Vionnet, Mfaransa, alizaliwa 1876 akafa 1975. Yeye ndiye aliyeifanya hanamu, yaani kukata kitambaa kimshazari, kuwa sanaa, kwenye miaka ya 1920 na 1930. Alikuwa akijaribia mikato yake kwenye mwanasesere mdogo wa mbao, akizungusha kitambaa mpaka kikubali, ndipo akate kwa saizi ya mtu.

Kitambaa kina nyuzi zinazokwenda urefu na zinazokwenda upana. Ukikivuta kufuata uzi, hakiendi. Kivute sasa toka pembe hadi pembe, utaona kinanyooka mkononi mwako kama kina lastiki. Jaribu hapo ulipo, kwa leso ya mfukoni. Nguo iliyokatwa kwa mwelekeo huo wa pembe inaufuata mwili bila zipu nyingi, inateleza, inashika pale inapotakiwa kushika. Yale magauni ya satini yanayomiminika kama maji, ni hanamu.

Hapa nawaomba wateja wangu uvumilivu wa namna mbili. Kwanza, hanamu inakula kitambaa na inageuza mchoro. Kitenge cha ndege kikikatwa hanamu, ndege wote wanalala ubavu. Na nta ya kitenge inakizuia kitambaa kumiminika, kwa hiyo lete satini au krepu. Pili, gauni la hanamu halipindwi siku lilipomalizika kushonwa. Nalitundika angalau siku nzima, bora mbili, lishuke lenyewe kwa uzito wake, maana linashuka upande huu zaidi ya ule. Baada ya hapo ndipo nakupima chini na kupinda. Fundi akikukabidhi gauni la hanamu siku ileile, wiki ijayo pindo litakuwa limeenda mshazari. Ukiliona limening'inia kwenye ukuta wetu usidhani tumekuweka foleni. Hiyo ni sehemu ya kushona.

Suti na joto letu

Kuhusu wanaume nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu naona wanavyoteseka.

Bwana harusi wa kwetu ananunua suti ya dukani, nyeusi, poliesta, ina bitana nzima, kile kitambaa cha ndani, mabega yana pedi nene. Anaingia ukumbini saa mbili usiku, saa tatu shati limeshagandamana mgongoni. Picha zote ana kitambaa cha kufutia jasho mkononi. Na pale kwenye simu alipotafuta suti ya kuigiza, mara nyingi alikuwa ametazama suti ya mtindo wa Giorgio Armani, ambayo ilibuniwa kuondoa shida hiyohiyo.

Armani alizaliwa Piacenza, Italia, mwaka 1934, akaanzisha nyumba yake ya mitindo Milano mwaka 1975, na amefariki Septemba 2025. Alichokifanya kinaelezeka kwa sentensi moja: alilifungua koti la mwanaume akatoa vitu vya ndani. Alipunguza pedi za mabega, akatoa vitambaa vigumu vya kifuani, akapunguza bitana, akatumia vitambaa laini vya kijivu na rangi ya mchanga. Koti likaanza kulala mwilini kama shati.

Nina koti moja la mitumba ambalo nilifumua lote nijifunze. Mbele, chini ya kitambaa cha juu, koti la kawaida lina kitambaa kigumu kinachobandikwa kwa pasi toka begani hadi pindoni. Juu yake, kifuani, kipande kingine kizito. Begani pedi. Halafu bitana inafunika yote hayo, na bitana ya poliesta haipitishi hewa. Hesabu mwenyewe tabaka ngapi zipo kati ya moyo wako na upepo wa bahari.

Koti tunalolishona sisi kwa bwana harusi wa msimu wa joto lina bitana kwenye mikono tu, ili mkono uteleze unapovaa, na kipande kidogo juu ya mgongo kinachofika kwenye mabega. Kitambaa kigumu kinawekwa kwenye kola na ukingo wa vifungo, basi. Kwa kuwa ndani kunaonekana, kila mshono lazima umaliziwe kwa ukanda mwembamba, na kazi hiyo inachukua muda mrefu kuliko kutia bitana nzima. Watu wanashangaa nikiwaambia koti lenye vitu vichache ndani ni ghali zaidi kulishona. Bitana inaficha mengi. Koti lisilo na bitana halimfichi fundi hata kidogo.

Kitambaa, tafuta kitani au pamba nzito. Kitani kinajikunja, ni kweli, na wazee wengine hawapendi. Mimi naona mikunjo ya kitani ina heshima yake, hasa rangi ya maziwa au ya mchanga mchana wa jua.

Ukitaka kutoka kabisa kwenye koti na tai, Kaunda suti bado ipo na haijachakaa. Yves Saint Laurent, aliyezaliwa Oran, Algeria, mwaka 1936 na kurithi kazi kwa Dior akiwa na miaka 21, alijenga sehemu ya jina lake juu ya jambo kama hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alichukua koti la safari lenye mifuko minne akawavika wanawake. Mwaka 1966 alikuwa ameshawapa wanawake suti nyeusi ya usiku ya kiume, Le Smoking. Kwa hiyo dada unayeniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kukushonea suti ya suruali ya kuvaa kwenye mahafali, jibu ni naweza, na wala huhitaji kunong'ona.

Kujifunga, kukata na majina ya watu

Gauni la kukunja mbele na kufunga kamba ubavuni lilivumishwa na Diane von Furstenberg, mzaliwa wa Ubelgiji, aliyelitoa mwaka 1974 huko Marekani. Yeye alilishona kwa kitambaa cha fulana chenye michoro. Halina zipu wala vifungo. Sisi tuliokua tukijifunga kanga tunalielewa haraka kuliko mtu yeyote, na kwa mama anayenyonyesha au ambaye mwili unapanda na kushuka ndilo ninalolipendekeza kwanza, kwa sababu linakubali mabadiliko bila kurudishwa kwa fundi. Sharti langu ni moja, pande za mbele zipishane kwa upana wa kutosha. Upepo wa hapa unajulikana.

Gianni Versace, Mwitaliano aliyeanza kwa jina lake mwaka 1978 na kuuawa Miami mwaka 1997, ni wa dhahabu, michoro mizito na kichwa cha Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nyoka badala ya nywele. Wapo wanaoniomba niwatilie kichwa hicho kifuani, au zile C mbili za Chanel mgongoni. Hapana. Mkato mtu anajifunza, na mafundi wamejifunza kwa wenzao tangu sindano ilipoanza. Nembo ni sahihi ya mtu, nikiitia kwenye kazi yangu nitakuwa nimemwekea maneno mdomoni. Dhahabu nitakutilia, nakshi ya Kigiriki pembezoni nitakutilia. Sahihi ya mtu mwingine sitaitia.

Picha za Lagos nazo zina wenyewe. Kule kitenge wanakiita Ankara, na ukitafuta mishono kwa jina hilo utapata mingi zaidi. Lisa Folawiyo, Mnigeria aliyeanza mwaka 2005, ndiye aliyevuma kwa kushona shanga na vimetameta kwa mkono juu ya kitenge, akifuata mistari ya mchoro wenyewe. Picha haionyeshi saa zilizotumika. Ua moja la ukubwa wa kiganja, kulizungushia shanga vizuri, linaweza kunichukua jioni nzima. Kwa hiyo tunakubaliana kabla: shanga ziwe shingoni na kwenye pindo la mkono tu, mahali macho yanapotua, na bei itahimilika.

Ninayempenda kuliko wote hana picha nyingi kwenye simu za watu. Chris Seydou, Mmali, aliyezaliwa 1949 na kufariki 1994. Alichukua bogolan, kitambaa cha kwao cha pamba kinachotiwa rangi kwa tope, akakitia kwenye sketi fupi na makoti ya kileo. Mwanzoni alisita kukikata, kwa sababu kwa wazee wa kwao michoro ile ina maana, na wengine hukivaa kwa mambo mazito ya maisha. Njia aliyoipata ni kutengenezewa bogolan yenye mchoro mmoja unaojirudia, ambayo mkasi ukipita hauharibu usemi.

Nilipojua hilo nilikaa kimya kidogo, maana nami mkasi huwa unanisimama mkononi kila nikiletewa kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mteja anataka gauni la kanga kama yale aliyoyaona ya jukwaani Dar es Salaam, kwenye Swahili Fashion Week, maonyesho ambayo Mustafa Hassanali, daktari aliyegeukia ubunifu wa mavazi, aliyaanzisha mwaka 2008. Sawa, tunakata. Lakini jina linaangukia wapi? Kanga imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Ukikata bila kufikiri, kifuani panabaki "mgeni njoo", na "mwenyeji apone" imeingia kwapani. Si kile mvaaji alichotaka kusema. Mimi huitandaza kanga sakafuni kwanza, nasoma, halafu namuuliza mwenyewe: jina likae zima chini ya pindo la sketi, au mgongoni, au litolewe kabisa? Pindo lenye rangi linafaa kingo za mikono na za chini. Mji, kile kipande cha katikati, ndicho cha kifua. Doti moja, vipande viwili, inatosha gauni la mtu wa wastani kama hatutaki sketi ya duara.

Nguo za unyago nazishughulikia hivyohivyo. Mama na mashangazi wakija na kanga za sare kwa ajili ya mwali anayetoka, nawasomea jina kwa sauti kabla ya kukata, wote wakisikia.

Sasa ukija. Niletee picha ya mbele na ya nyuma kama ipo, na kama unajua jina la mbunifu nitajie, tutafika haraka. Usinunue kitambaa kabla hatujazungumza. Ukishanunua siwezi kukibadilisha, naweza tu kubadilisha mshono. Kwa sare za ukoo au za kamati ya harusi, njooni mwezi mzima kabla, maana kupima watu ishirini, wengine wako Masasi na wengine Lindi, hakumalizwi kwa siku moja. Gauni la hanamu, wiki mbili. Koti lisilo na bitana, wiki tatu.

Na kitenge cha pamba, siku utakayokinunua, kiloweke kwenye maji baridi usiku kucha, kianike kivulini, ndipo ukilete. Kikinywea, kinywee kabla sijakikata.